Mzigo Hubadilisha Mabega: Historia ya Mzazi wa Mashindano ya Farasi

Kwa miaka minne niliyoishi kusini-magharibi mwa Uingereza nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu, kazi niliyoifanya kwa bidii zaidi, ukiacha tasnifu yenyewe, ilikuwa kubeba ndoo za maji. Nilizibeba alfajiri, katika mashamba ya watu nisiowajua, nikiwa nimevaa gambuti na koti la mvua la kuazima, kutoka bombani hadi pale tulipoegesha trela. Farasi mmoja hunywa kati ya lita 25 na 50 kwa siku, na bomba siku zote huwa upande wa pili wa uwanja. Aliyekuwa akishindana ni binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 14 wakati huo. Mimi nilikuwa mama yake, na katika viwanja vile kuwa mzazi ni kuwa mpishi, mhasibu, mfariji na mtunza farasi kwa wakati mmoja.

Nimesita muda mrefu kuandika habari hii. Katika nchi yetu mchezo wa farasi husikika kama hadithi ya matajiri wa mbali, nami nimezoea kuandika juu ya bajeti, ardhi na utumishi wa umma. Lakini kadiri nilivyozidi kusoma historia ya mchezo huo, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba unajibu swali linalotuhusu sana: nani hubeba gharama ya kipaji cha mtoto, na yule anayeibeba hupata mamlaka gani ya kuamua nani aingie na nani abaki nje?

Niseme kwanza tulifikaje huko, kwa kuwa posho ya mwanafunzi haimnunulii mtu farasi. Binti yangu alianza kwa kuzoa samadi kila Jumamosi katika shamba la jirani yetu, bibi mmoja aliyekwisha kuvuka miaka 70, na malipo yake yalikuwa nusu saa ya mafunzo. Baada ya mwaka na nusu bibi huyo akatuazima farasi jike wa makamo aliyeitwa Hazel. Farasi alibaki kuwa mali yake. Sisi tukabeba gharama ya chakula, ya fundi wa kupigilia viatu vya chuma kwenye kwato, na ya ada za mashindano. Nilikuwa na daftari la gharama hizo. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza nilipojumlisha, nililifunga na kuliweka chini ya vitabu ili nisilione.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo Waingereza huuita eventing, nasi tuuite iventingi. Ni shindano moja lenye sehemu tatu, zinazofanywa na mpanda farasi yuleyule na farasi yuleyule. Ya kwanza ni dresaji: farasi huonyesha utii na mwendo wa mpangilio ndani ya uwanja mdogo uliopimwa, mbele ya mwamuzi anayetoa alama kwa kila tendo. Ya pili ni kuruka viunzi uwanjani, ambako kila boma linaloangushwa huongeza adhabu ya alama nne. Ya tatu ndiyo inayowakosesha wazazi usingizi, nayo ni mbio za nyika: farasi hukimbia mashambani, msituni na majini, akiruka magogo na kuta zisizoanguka kirahisi. Farasi akikataa kuruka kizuizi, mpandaji huadhibiwa alama 20. Mshindi ni yule mwenye adhabu chache kuliko wote. Katika mashindano ya ngazi kuu, mbio za nyika hutangulia viunzi, na shughuli nzima huchukua siku tatu au zaidi. Katika ngazi ya binti yangu, iliyokuwa na vizuizi vya kimo cha sentimita 80, sehemu zote tatu zilimalizika kwa siku moja.

Siku hiyo huanza saa kumi usiku. Nywele za shingo ya farasi husukwa kama za mtoto anayekwenda harusini. Pasi yake huwekwa katika mfuko usioingia maji, maana Uingereza kila farasi sharti awe na pasi, na waandaaji huikagua kuona kama amechanjwa mafua. Nikiwa mtu niliyezijua vizuri foleni za viza, nilicheka peke yangu mara ya kwanza nilipoona hati za kusafiria za Hazel zimekamilika kuliko zangu. Kisha bibi mwenye shamba anawasha gari lake kuukuu, trela linafungwa nyuma, na tunaondoka gizani kuelekea kijiji ambacho hatujawahi kufika, tukiwa na chupa ya chai na chapati nilizopika usiku.

Tukifika, wazazi hugawana kazi za uwanja. Mbio za nyika haziwezi kuendeshwa bila watu wa kujitolea, kwa sababu kila kizuizi hukaa mwamuzi wake mwenye filimbi, saa na karatasi. Mara nyingi mwamuzi huyo ni mzazi wa mtoto mwingine. Nimekaa mara nyingi kwenye kiti cha kukunja kando ya gogo, mvua ikininyeshea, nikiandika namba za watoto wa wenzangu wanavyopita, huku nikijua kwamba mbele huko mama mwingine anaiandika namba ya wangu.

Ulikuwa mchezo wa dola

Nilipoanza kutafuta asili ya desturi hizi, nilidhani nitakutana na familia za kitajiri zikijiburudisha. Nilikutana na jeshi. Iventingi ilizaliwa kama mtihani wa askari wapanda farasi. Shindano linalohesabiwa kuwa la kwanza la aina hiyo lilifanyika Paris mwaka 1902, nalo liliitwa shindano la ubingwa wa farasi wa vita. Kila sehemu ilikuwa na maana ya kijeshi. Dresaji ilipima kama farasi anatii katika gwaride. Mbio za nyika zilipima kama anaweza kumbeba mjumbe katikati ya ardhi ya adui. Viunzi vya siku ya mwisho vilipima kama, baada ya taabu yote hiyo, bado anafaa kwa kazi ya kesho.

Mchezo ulipoingia katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, washiriki walikuwa maafisa wa jeshi. Walitakiwa, pamoja na mengine, kusafiri umbali wa kilomita 55 juu ya farasi. Mshindi alikuwa Axel Nordlander, afisa wa Sweden. Katika mfumo huo hapakuwa na nafasi ya mzazi, kwa sababu dola ndiyo iliyokuwa mzazi. Dola ilinunua farasi, ikalipa zizi, nyasi kavu, dawa, tandiko, mwalimu na saisi. Kijana aliyepata kamisheni alipewa mchezo huo pamoja na sare yake.

Lakini dola ilipolipa, iliweka pia mlango, na mlango huo ulikuwa mwembamba. Uliwafungia wanawake wote, na uliwafungia hata wanajeshi wa vyeo vya chini. Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kilitokea katika dresaji, mchezo ulio ndugu wa iventingi, kwenye Olimpiki ya London mwaka 1948. Timu ya Sweden ilishinda dhahabu, kisha mwaka uliofuata ikanyang'anywa. Kosa lilikuwa kwamba mmoja wao, Gehnäll Persson, hakuwa afisa halisi; alikuwa amepandishwa cheo kwa muda ili aweze kushiriki, na baada ya michezo akarudishwa chini. Hakuna aliyesema kwamba alipanda farasi vibaya. Kilichomponza ni cheo.

Kwa wanawake mlango wa iventingi ulibaki umefungwa muda mrefu zaidi. Sheila Willcox alishinda mashindano ya Badminton, yaliyo makubwa kuliko yote nchini Uingereza, mara tatu mfululizo, mwaka 1957, 1958 na 1959, akiwashinda wanaume katika shindano lilelile. Hata hivyo hakuruhusiwa kushiriki iventingi ya Olimpiki, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mbio za nyika ni kali mno kwa mwanamke. Mwanamke wa kwanza kupita mlango huo alikuwa Mmarekani Lana du Pont, huko Tokyo mwaka 1964. Alianguka, akapanda tena, akamaliza, na timu yake ikapata medali ya fedha. Miaka minne baadaye, huko Mexico, Jane Bullen alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika mchezo huo, na timu yake ilirudi na dhahabu. Kazi yake ilikuwa uuguzi wa hospitali.

Jeshi lilipoondoka

Ni nini kilichobadilika kati ya Nordlander na muuguzi huyo? Kilichobadilika ni vita. Bunduki za rashasha, seng'enge na vifaru vilimwondoa farasi katika mapambano ya Ulaya. Mwaka 1928 jeshi la Uingereza lilianza kuvipa vikosi vyake vya farasi magari ya deraya, na baada ya Vita Kuu ya Pili vikosi vya kupigana juu ya farasi vilikuwa vimekwisha. Mchezo ukabaki bila mlezi.

Palikuwa na watu wawili wa kumchukua yatima huyo. Wa kwanza alikuwa mwinyi mwenye ardhi. Baada ya Waingereza kufanya vibaya katika iventingi ya mwaka 1948, iliyofanyika Aldershot, mji wa kambi za jeshi, Mtawala wa Beaufort alitoa viwanja vya kasri lake la Badminton, na mashindano yakaanza hapo mwaka 1949. Farasi 22 walishiriki, na mshindi alipata pauni 150. Wa pili alikuwa mzazi wa kawaida. Tayari mwaka 1929 kilikuwa kimeanzishwa chama cha watoto wapanda farasi, kiitwacho Pony Club, na baada ya vita matawi yake ndiyo yaliyokuwa shule ya mchezo huu vijijini. Kazi zilizofanywa zamani na bohari ya jeshi zikahamia katika jiko la nyumbani. Baba akawa mhasibu mkuu wa kikosi. Mama akawa saisi. Gari la familia likawa msafara wa vifaa.

Hata jumba la kifalme liliingia katika mpango huu. Binti Mfalme Anne alishinda ubingwa wa Ulaya mwaka 1971 akiwa juu ya Doublet, farasi aliyezaliwa katika mazizi ya mama yake. Mwaka 1976 alishiriki Olimpiki ya Montreal akiwa juu ya Goodwill, farasi wa mama yake vilevile. Alianguka vibaya katika mbio za nyika, akapanda tena na kumaliza. Mwaka 2012, binti wa Anne, Zara Phillips, alipata medali ya fedha ya timu katika Olimpiki ya London, na aliyemvisha medali hiyo alikuwa mama yake mzazi. Picha ile ilienea duniani kama picha ya upendo, na sina shaka kwamba upendo ulikuwamo. Lakini kwa jicho la mwanahistoria ni picha ya mfumo pia: mchezo uliolelewa na dola sasa umelelewa na familia kwa vizazi vitatu, na familia yenyewe ndiyo yenye farasi, shamba na muda.

Tuwe waadilifu katika kupima mabadiliko haya. Familia ilipochukua mzigo, ilifungua mlango ambao jeshi lilikuwa limeufunga kwa komeo. Mzazi hakuuliza kama mtoto wake ana kamisheni, wala kama ni wa kike au wa kiume. Leo wanawake na wanaume hushindana pamoja katika iventingi, bila madaraja ya jinsia, jambo ambalo ni nadra katika michezo ya Olimpiki. Binti yangu aliingia kupitia mlango huo. Ila mlango huo nao una kipimo chake, na kipimo ni mfuko wa mzazi. Jeshi lilikuwa likiuliza, "Wewe ni afisa?" Familia haiulizi kitu, ankara ndizo zinazouliza.

Siku ya kizuizi cha tisa

Ilikuwa Jumapili ya mwezi Aprili, ardhi imelowa. Nilikuwa mwamuzi wa kizuizi cha nne. Binti yangu alipita kwangu vizuri, uso umekaza, wala hakunitazama. Nikaandika namba yake na alama ya kuonyesha amevuka salama. Dakika moja baadaye kipaza sauti kilitangaza kwamba mbio zimesimamishwa kwa sababu ya tukio katika kizuizi cha tisa.

Kanuni inasema mwamuzi asiondoke kituoni kwake. Nilikaa. Mbele yangu alikuwa amesimamishwa kijana mwingine juu ya farasi wake, akizunguka polepole asipoe, na ilinibidi niandike saa na dakika aliyosimama ili baadaye arudishiwe muda wake. Mkono ulitetemeka hata tarakimu hazikusomeka. Kila mpanda farasi katika mbio za nyika huvaa mkononi kadi yenye taarifa zake za afya. Ile ya binti yangu niliijaza mwenyewe asubuhi ile mezani kwetu, na wakati huo kuijaza kulikuwa sawa na kujaza fomu nyingine yoyote.

Nilijua pia nilichokuwa nimekisoma. Katika msimu wa mwaka 1999 wapanda farasi watano walifariki katika iventingi nchini Uingereza. Kamati ya kimataifa ikaundwa kuchunguza, na ripoti yake ya mwaka 2000 ililenga hasa ajali ambazo farasi hupinduka na kumwangukia mpandaji. Kutokana na kazi hiyo na iliyofuata, vizuizi vingi vilianza kufungwa kwa pini za chuma zinazoachia farasi anapogonga kwa nguvu, ili gogo lidondoke badala ya farasi kupinduka.

Binti yangu alikuwa ameteguka bega tu. Hazel aliteleza kabla ya kuruka, yeye akamtangulia kupita juu ya gogo. Nilipofika, alikuwa ameketi kwenye gari la wagonjwa akilia, na hakuwa akilia kwa maumivu. Alilia kwa sababu ameondolewa mashindanoni. Leo kanuni ndivyo zilivyo: ukianguka katika mbio za nyika, siku yako imekwisha, hata kama unajisikia mzima. "Mama, ningeweza kupanda tena," aliniambia. "Waambie ningeweza."

Nilimkumbuka Luteni Konrad von Wangenheim. Katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 alianguka katika mbio za nyika na kuvunjika mtulinga, akapanda tena na kumaliza. Siku ya viunzi aliingia uwanjani na mfupa uliovunjika, akaanguka tena pamoja na farasi wake, akapanda tena. Bila yeye timu ya Ujerumani isingekamilika. Pamoja naye ilipata dhahabu, na utawala wa Hitler ulifurahi kuwa na shujaa wa namna hiyo. Dola iliyomlipia afisa farasi, zizi na mshahara iliweza kumdai pia mfupa wake. Mzazi hana deni kama hilo la kumdai mtoto. Nilimshika binti yangu mkono wa upande mzima, nikaishukuru kimoyomoyo kanuni iliyotuondolea wote wawili ruhusa ya kuwa mashujaa.

Kondoa, 1916

Jioni ile, tulipokuwa tukimpoza Hazel miguu kwa maji, bibi mwenye shamba alinitazama nilivyobeba ndoo mbili, akasema kwamba nimekuwa saisi kamili. Alilitumia neno hilo kwa Kiingereza. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, lililoingia katika Kiingereza kupitia India na likaingia katika Kiswahili pia, hata likatumika sana katika mazizi ya walowezi wa Kenya. Bibi hakujua kwamba ni neno letu. Mimi nilisimama na ndoo zangu, mawazo yakaenda Kondoa, alikozaliwa mama yangu.

Mwezi Aprili 1916, kikosi cha wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, kiliiteka Kondoa Irangi kutoka kwa Wajerumani baada ya safari ya haraka kutoka kaskazini katika mvua za masika. Ulikuwa mwendo wa farasi kama ule uliosifiwa katika vitabu vya vita vya Ulaya. Lakini farasi walikufa njiani kwa mamia. Waliuawa na nagana inayoenezwa na mbung'o, na tauni ya farasi wa Afrika inayoenezwa na visubi. Nyika yetu ilikuwa mbio ambazo hakuna farasi wa kigeni aliyeweza kuzimaliza.

Mnyama alipokufa, shehena haikubaki njiani. Iliwekwa kwenye vichwa na mabega ya watu. Kwa upande wa Waingereza peke yao inakadiriwa kwamba takriban watu milioni moja waliandikishwa au kukamatwa kuwa wapagazi katika vita ile ya Afrika Mashariki, na waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, walikaribia 100,000. Jina la kikosi chao cha Kiingereza tumelisaga midomoni mpaka likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Kila siku maelfu ya watu hununua nyanya na vitambaa ndani ya jina hilo bila kukumbuka kwamba ni jina la mzigo. Nyumbani kwetu tulisimuliwa juu ya babu wa mama yangu aliyechukuliwa kubeba unga na risasi kuelekea kusini, na hakurudi. Hakuna karatasi yenye jina lake niliyowahi kuiona.

Simlinganishi mama mwenye ndoo ya maji ya farasi wa mashindano na mtu aliyefia njiani chini ya shehena ya mkoloni. Mmoja alichagua, mwingine alishikwa. Ninachosema ni kwamba visa hivi viwili vinafundisha kanuni moja ya historia. Chombo kilichokuwa kikibeba mzigo kinapoondoka, mzigo wenyewe hauondoki. Hubadilisha mabega. Na mara nyingi huhamia kwa mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya washindi wala katika hesabu za gharama.

Mzazi yupi?

Nimerudi nchini miaka kadhaa sasa. Hazel alirudi kwa mwenyewe. Bega la binti yangu lilipona, na sasa anasomea tiba ya mifugo Morogoro. Mimi nimerudi darasani, na humo ndimo nilimokutana na mwanafunzi aliyewahi kuwa mkimbiaji mzuri wa mita 800 alipokuwa sekondari. Nilimuuliza kwa nini aliacha. Alinijibu kwamba alichaguliwa kwenda mashindano ya mkoa, na barua ya shule ilisema nauli, viatu na chakula vitabebwa na mzazi. Mama yake alikuwa akiuza mkaa. Mara ya kwanza aliuza magunia mawili kwa hasara ili apate fedha upesi. Mara ya pili hakukuwa na magunia. "Sikutaka kumwomba tena, Mwalimu," alisema.

Sisi nasi tuliwahi kuwa na dola iliyokuwa mzazi wa wanamichezo. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa askari polisi. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa mwanajeshi wa JWTZ, na Juma Ikangaa vilevile. Jeshi liliwapa mshahara, chakula na muda wa kukimbia. Sitaki kuipamba enzi hiyo, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba dola inapolipa huweka mlango wake. Lakini mtoto wa mkulima aliweza kuufikia mlango ule kwa miguu yake.

Leo, serikali ikiwa imeondoa ada katika elimu ya msingi na sekondari ya kawaida tangu Januari 2016, bado kuna gharama nyingi ndogondogo za kipaji ambazo hazimo katika jedwali lolote: nauli, viatu, rangi za kuchorea, gitaa, kalamu za ramani, chakula cha siku tatu mkoani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na kanda hilo huonekana jepesi zaidi likitazamwa kutoka ofisini. Kwa mzazi mwenye kipato cha uhakika, nauli ya mkoani ni usumbufu wa siku moja. Kwa muuza mkaa ni mwisho wa mbio za mita 800.

Sisemi serikali ilipe kila kitu, maana historia ya iventingi imenionya juu ya mlipaji mmoja mwenye komeo moja. Nchini Uingereza kwenyewe nimeona njia ya kati. Katika kitongoji cha Brixton, London, kuna klabu ya farasi ya watoto wa mjini, Ebony Horse Club, inayoendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea. Mmoja wa watoto wake, Khadijah Mellah, alishinda mbio za hisani za Magnolia Cup huko Goodwood mwaka 2019, akiwa amevaa hijabu chini ya kofia yake. Hakulelewa na jeshi, wala wazazi wake hawakuwa na kasri. Watu wengi waligawana mzigo, kila mmoja kwa kiasi chake, na mlango ukapanuka kidogo. Sisi tuliowahi kujenga madarasa kwa kuchangishana matofali hatuhitaji kufundishwa na Brixton namna ya kufanya hivyo. Tunahitaji kukumbuka tu, na kuliandika katika mipango.

Miongoni mwa wanaonisoma wamo maofisa elimu, maofisa utamaduni na wakuu wa shule, na baadhi yao niliwafundisha mimi. Ninawaomba jambo moja dogo. Siku mtakapoandika tena ile sentensi ya mwisho wa barua, "gharama nyingine zitabebwa na mzazi," wekeni kalamu chini kwanza mwulize: mzazi yupi? Kama mnamjua kwa jina, na mnajua anachouza, na magunia mangapi yamebaki nyuma ya nyumba yake, basi iandikeni. Kama hamjui, tafuteni bega la pili la kusaidiana naye kabla ya kutia saini.